Mikono Iliyotangulia

6 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimezipokea salamu zako. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua, kwa maana nimepokea kazi ya kubadilisha kitambaa cha kochi la yule mama mwenye nyumba ya wageni. Kochi lenyewe ni zito kama mwenyewe, nawe unamjua mwenyewe alivyo.

Nina habari ambayo utaicheka kwanza, kisha utaionea fahari. Mkunga, aliyewazalisha nusu ya watu wa mtaa huu, anagombea ubunge dhidi ya Mkubwa, mtu wa serikali, na amenichagua mimi kuwa wakala wake katika kituo cha kura cha shule ya msingi. Watu walimwuliza, "Wakala kiziwi atakusaidia nini?" Akawajibu, "Mawakala wenye masikio niliwahi kuwa nao, wakatishwa kwa maneno. Huyu watamtisha kwa lipi?" Kinyozi ndiye aliyenifasiria maneno hayo, mkasi ukiwa bado kidoleni, nusura amtoboe mteja jicho.

Nasikia, kama wasemavyo wenye masikio, kwamba wewe ndiwe utakayesimama pembeni mwa kioo cha televisheni matokeo yakisomwa. Viziwi wote wa mji huu tutakusanyika kwa Kinyozi kukutazama. Nimewakumbusha kwamba mikono hiyo niliifundisha mimi, ulipokuwa hujui hata kutamka "baba". Nimewafundisha pia jina nililokupa ulipokuwa mtoto, kidole juu ya kishimo cha shavu. Sasa wote wanakuita hivyo. Hakuna hapa anayelijua jina lako la shuleni.

Andika upesi, na uandike sentensi kamili. Marehemu baba alituchapa sote wawili kwa ajili ya sentensi kamili. Tusiipoteze mali yake.

Kaka yako

12 Oktoba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka, kama ulivyobashiri. Mkunga ana ulimi wa wembe.

Lakini, kaka, mgongo huo usiufanyie mzaha. Kazi ya wakala ni kusimama tangu kukicha hadi sanduku la mwisho lihesabiwe. Wapo vijana wenye nguvu. Wao hawana kochi la mtu la kumaliza. Ukimwambia Mkunga kwamba daktari amekukataza, nani atakulaumu? Naweza kukupatia cheti cha daktari hapa, bila gharama yoyote.

Sisi tuko katika mazoezi wiki hii. Tumefungiwa katika ukumbi wenye baridi kali, nami nimepata mafua. Mengine hayafai kuandikwa, si kwa kuwa ni makubwa, bali yanachosha.

Fikiria habari ya mgongo. Wakala mmoja hawezi kulinda sanduku, kama vile mlango mmoja usivyoweza kulinda nyumba isiyo na ukuta.

Mdogo wako akupendaye

27 Oktoba

Mdogo wangu,

Hukuniuliza habari za kituo, kwa hiyo nitakupa bila kuulizwa.

Mgongo ulistahimili. Watu walipiga kura kwa utaratibu, na jioni tukaanza kuhesabu katika darasa la kwanza, tumeketi juu ya viti vya watoto, magoti yakitufika kidevuni. Msimamizi aliinua kila karatasi ili tuione, kisha akaiweka katika fungu lake. Fungu la Mkunga lilinenepa kama mto wa kochi. La Mkubwa lilikuwa jembamba kama bitana.

Mara watu wote wakageuza shingo kuelekea mlangoni, msimamizi, mawakala, hata askari. Baadaye niliambiwa kwamba nje kulikuwa na mlio mkubwa, kama wa bunduki au wa tairi lililopasuka. Mimi sikugeuka, kwa sababu hakuna kilichoniita. Ndipo nikamwona karani wa Tume ya Uchaguzi akitoa bunda chini ya meza na kuliweka juu ya fungu la Mkubwa, kisha akachota sehemu kubwa ya fungu la Mkunga na kuitia katika mkoba wake. Karatasi za lile bunda hazikuwa na kunjo hata moja. Mpiga kura huikunja karatasi yake ili ipite katika tundu la sanduku. Hizo zilikuwa zimenyooka kama shuka la hospitali.

Tukakutana macho. Akaweka kidole mdomoni, akiniamuru ninyamaze. Hebu fikiri, mtu anamwamuru kiziwi anyamaze! Ningecheka kama nisingekuwa na hofu.

Wengine walipogeuka, kazi ilikuwa imekwisha. Niliandika niliyoyaona, nikamwonyesha msimamizi. Aliisoma karatasi yangu, akaikunja, akaitia mfukoni mwake, asinitazame tena. Mawakala wenzangu ni watu wema, lakini walikuwa wakiutazama mlango. Kwa hiyo shahidi ni mmoja tu, naye ni mimi. Wakili wa Mkunga atafungua kesi ya kupinga matokeo, nami nimekubali kutoa ushahidi.

Sasa nije kwako. Tulikutazama kwa Kinyozi. Ulikuwa nadhifu, na mikono yako ilisomeka hata kutoka kiti cha nyuma. Lakini Mwenyekiti wa Tume alipofika kwenye jimbo letu, alisita na kunywa maji. Glasi ilikuwa bado mdomoni mwake, nayo mikono yako ilikuwa imekwisha kumtangaza Mkubwa kuwa mshindi, pamoja na tarakimu zake zote. Kisha Mwenyekiti akaweka glasi, akafungua mdomo, wewe ukiwa umetulia, mikono imeshikana tumboni.

Mwanzoni tulicheka. Kinyozi akauliza, "Dada yako ni mkalimani au mpiga ramli?" Halafu hakuna aliyecheka tena. Mkalimani hufuata, mdogo wangu. Wewe ulitangulia.

Nijibu swali hili moja. Tarakimu hizo ulizipata lini?

Kaka yako

14 Novemba

Mdogo wangu, pacha wa mikono yangu,

Swali langu hukulijibu, lakini nimekusamehe, kwa maana umefanya kubwa kuliko kujibu. Ulikuja.

Waliponifuata dukani nilikuwa na misumari midogo midomoni, kama ilivyo kazi yetu, na askari mmoja alidhani nataka kuimeza ili nijiue. Walinikalisha katika chumba kisicho na dirisha, wakanisemesha kwa midomo mikubwa, kama watu wanaotafuna. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa. Ndipo mlango ukafunguliwa, nikakuona. Nilisema moyoni, sasa nina mdomo.

Nilikuonyesha kalamu iliyokuwa mezani, nikitaka kuandika maelezo yangu mwenyewe. Ukanijibu kwamba taratibu hazimruhusu shahidi kuandika. Nikakuamini, kwani wewe ndiwe mjuzi wa taratibu. Yule afisa mnene akabonyeza kinasa sauti, taa nyekundu ikawaka, nami nikaeleza yote: shingo zilizogeuka, bunda, karatasi zisizo na kunjo, mkoba wa karani, kidole mdomoni. Sijapata kusema vizuri hivyo maishani mwangu. Hata ile hofu ilinitoka.

Jambo moja tu lilinishangaza. Nilisema mengi, na mdomo wako ulisema machache. Nikajiambia, kumbe lugha ya mdomo ni fupi kuliko nilivyodhani.

Afisa alitabasamu, akanipa mkono, akanisindikiza hadi getini. Nilitoka nikitembea kama bwana harusi. Nimemwambia Kinyozi na wote kwamba tulisimama pamoja mbele ya serikali, mimi mikono na wewe sauti, wala hatukupungukiwa neno.

Kesi itasikilizwa mwanzoni mwa Desemba. Nimeipiga pasi suti ya marehemu baba.

Kaka yako

19 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Usiende mahakamani.

Nakuomba kwa jina la mama, aliyetuachia neno moja tu alipokuwa akifa, kwamba tutunzane. Umekwisha kusema, yatosha. Mkunga ana mawakala wengine na wakili wake ana shahada ukutani. Wewe una duka na mgongo mbovu. Njoo huku ukae nami hadi mwaka mpya. Chumba cha nyuma kina jua la asubuhi.

Kuhusu swali lako, mkalimani hupewa maandishi mapema ili asijikwae. Ni desturi ya kazi. Siwezi kusema zaidi.

Mdogo wako

3 Desemba

Kwa Mkalimani,

Nilikwenda.

Mwanafunzi wako, yule tunayemwita Mrefu, aliketi kando yangu ili anifasirie. Wakili wa Mkunga alisema nitaitwa kutoa ushahidi baada ya mapumziko. Lakini wakili wa Tume alisimama kabla ya hapo, akaweka kinasa sauti mezani, akakibonyeza.

Kwangu hakuna kilichotokea. Niliona vumbi likielea katika mwanga wa dirisha. Kisha nikamwona Mkunga akiinamisha kichwa. Kisha watu wakaanza kunigeukia, mmoja hapa, mmoja pale, mpaka chumba kizima kikawa kinanitazama. Nilidhani wanasikia ujasiri wangu. Nikatabasamu. Nikawapungia mkono.

Niliwapungia mkono, Mkalimani. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho.

Nikatazama mikono ya Mrefu. Ilikuwa imelala mapajani. Nikamgusa bega. Alijifuta uso kwanza, ndipo akanifasiria: "Mimi sikuona kitu. Mwanga ulikuwa hafifu na macho yangu ni ya kizee. Mkunga aliniahidi kazi ya viti vya ofisi yake nikisema kwamba niliona. Naomba radhi."

Nikamwuliza, "Ni nani anayesema hayo?"

Akaweka kidole kwenye kishimo cha shavu.

Najua sheria ya kazi yako. Mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya mtu anayemfasiria. Nilikueleza sheria hiyo mimi, tulipokuwa tukicheza sokoni ukiwa mdogo, ukiniulizia bei ya vitu. Uliniuliza, "Nikisema mimi, hawatadhani ni mimi kweli?" Nikakujibu, "Ndiyo maana lazima niweze kukuamini."

Mkunga alinipita mlangoni asinisalimu. Mwanamke aliyemleta mtoto wangu duniani ananiona mimi kuwa mtu anayenunuliwa kwa viti.

Sihitaji chumba chenye jua la asubuhi.

Fundi makochi

8 Desemba

Kaka,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Kabla sijaingia katika kile chumba, yule afisa alinipitisha kwenye ujia wa nyuma. Viatu vilikuwa vimepangwa ukutani kwa utaratibu, vya wanaume na vya wanawake, wala hapakuwa na mwenye viatu hata mmoja. Akaniambia, kwa upole kabisa, "Dada, leo utatoka hapa na kaka au utatoka na viatu vyake. Kazi yako ni kufasiri. Fasiri vizuri."

Nikachagua kaka. Maneno ya viti alinipa yeye, nikayasema. Kalamu ilikuwa na wino na hakuna taratibu yoyote inayokataza kuandika. Niliikataa kwa sababu ungeandika kweli, na kweli yako isingekuwa na mtu wa kuizuia. Nilikutazama ukieleza, mikono yako imetulia kama ya baba akiandika ubaoni, nami nikisema uongo kwa sauti tamu. Usidhani sikusikia nilichokuwa nikikisema. Kati yetu wawili, mwenye masikio ni mimi.

Tarakimu nilipewa Jumapili, kabla mtu yeyote hajaenda kupiga kura. Tulizifanyia mazoezi mpaka mikono ikazizoea, ndiyo maana ilitangulia. Sikukuambia, kwa sababu ungesimama barabarani na bango. Nilidhani ukibaki nyumbani kwa ajili ya mgongo utapona katika yote.

Ungekuwa umekufa na ukweli wako, kaka. Sasa unanichukia ukiwa hai. Biashara hiyo ningeifanya tena. Namsikitikia Mkunga tu.

Lakini kuna jambo. Wakili wake amelalamika, na jaji amekubali uitwe utoe ushahidi wako mwenyewe. Mrefu hajaapishwa, na mkalimani aliyeapishwa ni mimi peke yangu. Nimeitwa. Yule afisa pia amenipigia simu, akaniuliza habari za afya yako. Naweza kusema ninaumwa, nisije. Nifanye nini?

Mdogo wako

13 Desemba

Kwa Mkalimani,

Baba aliketi nami kila jioni, fimbo mezani, nikiandika sentensi mpaka ikawa haina kosa. Jirani alipomcheka kwamba anamfundisha kiziwi sarufi, alisema, "Namfundisha ili asije akaomba mdomo wa mtu." Wewe uliikataa kalamu ile kwa niaba yangu. Hukunitendea mimi peke yangu, ulimtendea na baba.

Umeniokoa, nami sikanushi. Lakini hukuniuliza. Ulinikuta nikiwa nimeamua, ukaamua tena juu yangu, kama wao walivyofanya kwa kura zetu. Wao pia husema wanatuepusha na machafuko.

Nimeomba niandike ushahidi wangu. Jaji amesema ushahidi hutolewa kwa mdomo, mbele ya watu. Basi njoo.

Utasimama panapostahili na kusema kila nitakachosema. Mrefu ataketi safu ya mbele, nyuma yako, na kunirudishia kwa mikono kila neno litokalo mdomoni mwako. Nitatazama mikono yake. Ukiongeza au ukipunguza, nitainuka na kutoka, na safu zote za viziwi zitatoka pamoja nami. Huo ndio ulinzi nilio nao. Ni mdogo, lakini hauna bunda chini ya meza.

Na zile tarakimu za Jumapili, hilo ni lako. Sitakutia maneno mdomoni. Najua inavyouma.

Viatu vyangu nitakuja navyo miguuni. Vikibaki, utajua vilipo.

Fundi makochi

20 Januari

Kaka,

Shikamoo. Nimesubiri hukumu itoke ndipo nikuandikie.

Nilisema kila neno. Nilisema bunda na mkoba, nikasema kunjo, nikasema kidole mdomoni, na watu wakacheka, hata karani wa mahakama. Hukunitazama hata mara moja. Nimesimama mbele ya kamera miaka mingi, lakini sijapata kuwa peke yangu kama siku ile.

Ulipomaliza, nilimwambia jaji kwamba nami nina langu la kusema. Akanijibu, "Mkalimani hana maneno yake." Basi nikawageukia ninyi katika safu zenu, nikasema kwa mikono, kwamba tarakimu nilipewa Jumapili. Jaji hakuelewa, akadhani ninawaaga. Ninyi mlielewa. Hakuna aliyeinua mkono kunijibu.

Hukumu umeisoma. "Sauti moja imesema mambo mawili yanayopingana kwa niaba ya shahidi mmoja, mahakama haiwezi kuchagua lipi la kuamini." Kwa hiyo Mkubwa ndiye mbunge. Nilidhani nikisema kweli nitaufuta ule uongo. Kumbe niliuletea pacha.

Kesho yake nilinyang'anywa kitambulisho cha kazi kwenye geti la televisheni. Afisa hakupiga simu tena, na hilo ndilo linaloninyima raha. Nawafundisha watoto wa jirani kusoma. Kile chumba cha nyuma bado hakina mtu.

Nina swali moja, nawe una haki ya kutolijibu, kama nilivyofanya mimi. Nilipokuwa nikitoka mahakamani, nilimwona Kinyozi akimweleza mwenzake habari zangu. Hakuweka kidole shavuni. Alinitaja kwa ishara nisiyoijua. Je, nimepewa jina jipya? Niandikie linavyokuwa.

Mdogo wako

2 Februari

Nimeianza barua hii mara kadhaa, nisijue nikuite nani hapo juu. Nimeiacha nafasi wazi.

Mkunga amerudi kazini. Wiki iliyopita alimzalisha mke wa yule karani wa Tume. Anasema mtoto alilia mpaka taa zikatikisika, wala baba yake hakuthubutu kumwekea kidole mdomoni. Alinieleza hayo mwenyewe, kwa kuandika, alipokuja dukani kuniletea kiti kilichovunjika mguu. Kiti kilikuwa kizima kabla hajakivunja. Nimeona alama za nyundo. Nimekipokea.

Ulisema kila neno. Mrefu amethibitisha. Nakushukuru kama mtu anavyomshukuru mkalimani. Kama kaka, bado.

Ndiyo, umepewa jina jipya. Lile la kishimo nililitoa mimi nilipokuwa mtoto, bila kumwuliza mtu. Hili liliamuliwa na watu. Tulikutana kwa Kinyozi, mlango wazi, yakapendekezwa majina mawili, moja langu na moja la Mrefu. Kila mtu akainua mkono mahali ambapo wote wanauona, na aliyehesabu alihesabu polepole, akarudia. Langu lilikuwa baya sana. Lilishindwa. Nilikasirika, nikataka kubisha, lakini mikono ilikuwa juu na kila mtu ameiona. Nikalikubali lililoshinda.

Si jina zuri. Lakini limehesabiwa kwa haki, na katika mji huu mwaka huu sijui kingine cha namna hiyo.

Umetaka nikuandikie linavyokuwa. Haliandikiki. Ni la mkono, na baba hakutufundisha sarufi yake. Ukitaka kulijua, itakubidi uje ulitazame.

Kinyozi hufungua saa mbili.